Sura ya Sita: Mahasimu wa Meza ya Kijani Katika Uzee Wao

Mji wa Bunia, ulio makao makuu ya jimbo la Ituri tangu majimbo ya Kongo yalipogawanywa upya mwaka 2015, hauna daftari la mabingwa wake wa biliadi. Walakini mtu apitaye jioni katika mitaa iliyo nyuma ya Boulevard de la Libération, wakati jenereta zinapoanza kunguruma na vumbi jekundu la mchana linapotulia, hatakosa kusikia mlio wa mipira ikigongana chini ya paa la bati, na kandokando ya meza hatakosa kuwaona wazee wawili watatu ambao siku hizi hucheza kidogo na kusema sana. Sheria kubwa ya mahali pale ni moja, nayo yajulikana na wote: mshindi hubaki mezani, na mshindwa hutoa jetoni au hununua chupa. Kwa sheria hiyo kijana mwenye mkono mzuri aweza kusimama mezani tangu magharibi hata usiku wa manane, akiwapokea wapinzani mmoja baada ya mmoja: mchimbaji dhahabu aliyeshuka kutoka Mongbwalu, dereva wa lori la Mahagi, mvuvi wa Kasenyi aliyeleta samaki sokoni. Wazee ninaowataja walikuwa vijana wa namna hiyo zama nchi yetu ilipoitwa Zaire.

Nilimtazama mmoja wao kwa makini. Alipoambiwa na kijana, “Papa, zamu yako,” hakuondoka kitini mara moja, bali aliipaka chaki ncha ya fimbo yake polepole, akaipuliza, akaipaka tena, kisha akaiegemeza nyonga yake kwenye ukingo wa meza kama mtu anayejua mahali hasa pa kuegemea. Mkono wake wa kushoto ulitetemeka hewani, lakini vidole vilipokigusa kitambaa cha kijani mtetemo ule ulikoma, na mpira ukaenda shimoni bila kugusa kingo. Hasimu wake, mwenye mvi kama yeye, aliyekuwa ameketi upande wa pili, alitikisa kichwa akasema kuwa mpira ule ulikuwa mwepesi, na kwamba ule mgumu, ule uliowatenganisha wao wawili miaka mingi iliyopita, mwenzake aliukosa. Yule wa kwanza akajibu kwamba aliyeukosa si yeye. Mabishano hayo yalianza kabla ya vita. Vita vikaja mwaka 1999, vikawatawanya watu, na mwezi wa Mei 2003 maelfu ya wakazi wa mji wakakimbilia Beni na Uganda. Amani ikarejea kidogo kidogo, wao wakarejea nayo, wakaketi mahali pamoja, na wakaanzia pale walipoachia.

Mashahidi wa mchezo ule wametawanyika, wengine wamekufa, na meza yenyewe haipo. Wala hapana karatasi iliyoandikwa hesabu ya usiku ule. Hivyo kila mmoja wa wazee hawa anamhitaji mwenziwe kuliko anavyokiri, maana hakuna mtu mwingine aliye hai awezaye kuthibitisha kwamba mchezo ule ulikuwapo. Jambo hili ndilo lililonifanya niitafute habari ya mahasimu wengine wa meza ya kijani, wa mbali na mashuhuri, ambao uzee wao uliandikwa na kupigwa picha. Na sikuona mfano uliotimia zaidi kuliko ule wa Wamarekani wawili, Willie Mosconi na Rudolf Wanderone, huyu wa pili akijulikana ulimwenguni kwa lakabu ya Minnesota Fats.

Wote wawili walizaliwa mwaka 1913, Wanderone mwezi wa Januari mjini New York, Mosconi mwezi wa Juni mjini Philadelphia. Na ni ajabu ya majaliwa kwamba mwaka huo huo, mwezi wa Novemba, alizaliwa pia Irving Crane, bingwa mwingine wa mchezo huo ambaye habari yake itafuata. Baba yake Mosconi alikuwa na ukumbi wa biliadi, lakini hakutaka mwanawe ashike fimbo. Alitamani mtoto afuate nyayo za jamaa zao waliokuwa wachezaji ngoma wa majukwaani, kwa hiyo mipira na fimbo akavifungia. Mtoto akatwaa viazi vidogo vya jikoni na mpini wa ufagio, akasimama juu ya sanduku ili aifikie meza, akajifunza usiku watu walipolala. Alipokuwa na umri wa miaka sita tu alikwisha kushindanishwa mbele ya watu na Ralph Greenleaf, kijana aliyekuwa akianza kuutawala mchezo huo Marekani nzima; alishindwa, lakini aliyemshinda alikuwa bingwa.

Kati ya mwaka 1941 na mwaka 1957 Mosconi alitwaa ubingwa wa dunia mara 15. Mchezo waliokuwa wakiushindania zama hizo ulikuwa mgumu kuliko huu wa mabaa yetu: mchezaji alilazimika kuutaja mpira na shimo kabla ya kupiga, kila mpira ulihesabiwa alama moja, na ulipobaki mpira mmoja mezani ile 14 mingine ilipangwa upya, naye akaendelea mpaka akose. Kwa mtindo huo, tarehe 19 Machi 1954, katika maonyesho mjini Springfield, jimbo la Ohio, Mosconi alitumbukiza mipira 526 mfululizo bila ya kukosa hata mmoja. Waliohudhuria, zaidi ya watu 35, walitia sahihi zao katika waraka wa kiapo uliothibitishwa kisheria, ili asitokee wa kuja kusema kwamba halikuwa. Hesabu hiyo ilisimama miaka 65, hata mwaka 2019 Mmarekani John Schmidt alipofikisha mipira 626. Naomba msomaji aukumbuke waraka ule, maana nitaurudia.

Wanderone hakuwa na waraka. Katika maisha yake yote hakutwaa ubingwa wowote mkubwa, wala hakuupenda mchezo wa mashindano yenye waamuzi na vikombe. Yeye alikuwa mtu wa kamari, akisafiri mji hata mji kuwatafuta wenye fedha na ghururi, akiwa na mwili mkubwa, mavazi ya fahari, na ulimi usiotulia. Alijisifu kabla ya mchezo, akajisifu katikati yake, na aliposhindwa alisimulia mchezo mwingine alioshinda. Katika kijiji cha Dowell, jimbo la Illinois, alikoishi na mkewe, alijulikana pia kwa huruma kwa wanyama waliopotea, akiwalisha mbwa na paka wasio na mwenyewe. Nami naliandika hili kwa kuwa wengi waliomwita mlaghai hawakulitaja.

Laiti mambo yangalibaki hivyo, pengine ulimwengu ungalimjua Mosconi peke yake, na Wanderone angalisahaulika pamoja na wacheza kamari wenzake. Lakini mwaka 1959 mwandishi Walter Tevis alitoa riwaya iitwayo The Hustler, na mwaka 1961 ikatengenezwa kuwa filamu, Paul Newman akiigiza kijana mwenye tamaa ya ushindi, na Jackie Gleason akiigiza bingwa mnene, mtulivu, aitwaye Minnesota Fats. Tevis alisema mara nyingi kuwa mtu yule alimtunga kwa fikra zake mwenyewe. Wanderone, ambaye kabla ya hapo akiitwa New York Fats na majina mengine ya namna hiyo, alitangaza kwamba anayesimuliwa ni yeye, akalitwaa jina lile, akaandika kitabu kwa jina lile, akapata kipindi cha televisheni kwa jina lile, wala hakulivua tena hadi kufa.

Sasa na atazame msomaji namna Mungu anavyopanga mambo ya waja wake. Mshauri wa ufundi wa filamu ile, aliyewafundisha waigizaji namna ya kushika fimbo, na ambaye mikono yake ndiyo inayoonekana katika mapigo kadhaa magumu, alikuwa ni Willie Mosconi. Kwa maneno mengine, bingwa wa haki aliijenga kwa mikono yake nyumba ambayo hasimu wake aliingia akaketi kama mwenyeji. Mosconi alikuwa mtu wa nidhamu na mavazi ya heshima, aliyetumia umri wake kuuondolea mchezo ule sifa mbaya ya kamari na moshi. Na kuona kwamba watu wa mitaani wakimtaja bingwa wa biliadi humtaja mtu asiyepata ubingwa, kulimchoma kwa miaka kumi na zaidi. Mimi simlaumu kwa hasira yake. Aliyetoka jasho kwa ajili ya kitu ana haki ya kuudhika kionekanapo mkononi mwa asiyekifanyia kazi.

Tarehe 14 Februari 1978 hatimaye waliwekwa meza moja, katika hoteli ya Waldorf-Astoria mjini New York, mbele ya kamera za shirika la televisheni la ABC, na mtangazaji Howard Cosell, yule yule ambaye Wakongo wa umri wangu wanaijua sauti yake kwa michezo ya ngumi ya Muhammad Ali. Wanderone alikuwa amekwisha kutimiza miaka 65. Mosconi alikuwa na 64, na alikwisha kupona kiharusi kilichompata mwishoni mwa mwaka 1956. Wazee wawili, basi, ambao kama wangalikuwa watumishi wa serikali wangalikwisha kupewa mkono wa buriani. Wanderone alisema tangu mwanzo hata mwisho, akiwachekesha watazamaji. Mosconi alinyamaza, uso wake umekunjamana, akisubiri maneno yapungue ili apige. Akapiga, na akashinda bila taabu kubwa.

Mamilioni ya watu waliutazama mchezo ule, na katika hao wengi hawakupata kumwona Mosconi siku za nguvu zake, wakati ubingwa wake ulipokuwa ukishuhudiwa na watu waliojaa ukumbi mmoja tu na kusomwa kesho yake katika safu ndogo ya gazeti. Yaani hadhira kubwa aliyoipata bingwa yule katika mchezo wake alipewa uzeeni, na aliyempa ni mtu aliyemchukia. Lau Wanderone angalikuwa mnyamavu na mkweli, pasingalikuwa na televisheni siku ile; na lau Mosconi asingalikuwa na ubingwa 15 nyuma yake, maneno ya Wanderone yangalikuwa kelele za mlevi mlangoni pa baa. Hukumu yangu katika kesi yao ni hii: mezani Mosconi hana mwenzake kati ya wawili hao, wala si haki kuwapima kwa mizani moja, lakini deni la Mosconi kwa Wanderone ni la kweli, na ni kubwa kuliko alivyokuwa tayari kulikiri.

Walikutana tena mara kadhaa katika miaka iliyofuata, na aghalabu mshindi alikuwa yule yule. Katika mwanzo wa miaka ya 1980 yalitengenezwa hata mashindano ya wakongwe kwa ajili ya televisheni, wakaitwa pia Luther Lassiter wa North Carolina, Jimmy Caras, Joe Balsis na Irving Crane, watu ambao kila mmoja alikuwa na jambo la kumdai mwenziwe tangu ujana. Crane alikuwa kinyume cha Wanderone katika kila kitu: mpole, msafi wa lugha, mwangalifu hata waliomtazama wakachoka kungoja, naye ndiye aliyeonyesha kwamba umri si adui wa kila mkono, kwani katika fainali ya mashindano ya wazi ya Marekani ya mwaka 1966, akiwa na miaka 52, alitumbukiza mipira 150 mfululizo, yaani mchezo mzima, ilhali Balsis ameketi kitini akimtazama. Mwaka 1984 Wanderone aliingizwa katika jumba la heshima la mchezo huo, si kwa ubingwa, bali kwa utumishi wake wa kuueneza. Neno hilo la utumishi naliona limechaguliwa kwa insafu. Miaka yake ya mwisho aliishi katika hoteli ya Hermitage mjini Nashville, akiwekewa meza yake ya kuchezea, na watu walipomwomba sahihi aliwagongea muhuri wa mpira wenye jina lake, lile jina la kutungwa. Mosconi alifariki mwaka 1993, na mwaka uliofuata yakaanzishwa mashindano ya Marekani na Ulaya yanayobeba jina lake hata leo. Wanderone akamfuata Januari 1996. Sijapata ushahidi wowote kwamba walipatana.

Husuma si lazima idumu namna hiyo hadi kaburini. Sisi wa Kongo tunao mfano wetu wa nyumbani, maana usiku wa tarehe 30 Oktoba 1974 Kinshasa iliwashuhudia Muhammad Ali na George Foreman wakipigana, na Foreman akaondoka ameanguka, akiwa na uchungu ambao mwenyewe alikiri kwamba ulimtafuna miaka mingi. Hatimaye wakawa marafiki. Na mwezi wa Machi 1997, filamu iliyousimulia mchezo ule wa Kinshasa ilipopewa tuzo ya Oscar, Foreman ndiye aliyemshika mkono Ali, aliyekuwa akitetemeka kwa maradhi, akamsaidia kupanda ngazi. Nalo ni jambo la kukumbukwa kwamba Foreman mwenyewe alikuwa ameurudia ubingwa wa dunia mwaka 1994 akiwa na miaka 45.

Katika biliadi pia wako waliokataa kuwaachia vijana meza. Raymond Ceulemans wa Ubelgiji, nchi iliyotutawala na ambayo watu wake walipenda biliadi isiyo na mashimo, ile ya mipira mitatu na kingo tatu, alikuwa bingwa wa dunia kila mwaka tangu 1963 hadi 1973, mpaka Mjapani Nobuaki Kobayashi alipomvua taji mwaka 1974. Ceulemans akalitwaa tena mwaka uliofuata, na mwaka 2001, akiwa amepita miaka 60, akawa bingwa wa dunia mara nyingine. Efren Reyes wa Ufilipino na Mmarekani Earl Strickland, waliokutana Hong Kong mwaka 1996 kushindania dola 100,000 kwa siku tatu, Reyes akishinda kwa michezo 120 dhidi ya 117, waliendelea kuitwa na kushindanishwa wakiwa na miwani usoni, na watu wakaendelea kuja, kwa sababu tofauti ile ya michezo mitatu haikumtosheleza mtu yeyote. Paul Newman naye, aliyekuwa kijana katika filamu ya 1961, alirudi mwaka 1986 kumwigiza mtu yule yule aliyezeeka, na kwa uzee huo akapewa Oscar aliyoikosa kwa ujana.

Kinachonisikitisha nirudipo Bunia si kwamba wazee wetu wanabishana. Wanabishana kwa haki, na wana adabu katika ubishi wao: humwachia mwenziwe amalize neno, na anayeshindwa kwa hoja hununua chupa kama aliyeshindwa mezani. Kinachonisikitisha ni kwamba ubishi wao hauna waraka. Mosconi alikuwa na karatasi yenye sahihi za watu zaidi ya 35, na kwa karatasi hiyo mtu aliyezaliwa baada ya kifo chake ajua kwa yakini kilichotokea Springfield. Wanderone alikuwa na waandishi, filamu na kamera, na hata uongo wake umehifadhiwa kwa uangalifu kiasi kwamba twaweza kuutenga na ukweli. Mzee wa Bunia ana hasimu wake tu. Siku mmoja wao atakapozikwa, atakayebaki hatakuwa na wa kumpinga, na mchezo wao utageuka hadithi ya mtu mmoja, ambayo vijana wataisikiliza kwa heshima bila kuisadiki.

Na mji huu umekwisha kupoteza mengi ya namna hiyo. Majalada yameungua, nyumba zimebomolewa, picha za harusi zimeachwa barabarani watu walipokimbia na watoto mgongoni. Yapo mambo makubwa kuliko biliadi yanayongoja kuandikwa, nalijua hilo, na wapo wanaoyaandika. Lakini mtu akiuliza habari ya Ituri hutajiwa vita na dhahabu, wala haambiwi kwamba katika mji huu walikuwapo watu ambao usiku wa Jumamosi umati ulikusanyika kuwatazama wakipiga mpira uzunguke kingo tatu na kuingia shimo la kati. Na kwa kutokuambiwa hayo hudhani kwamba hapakuwa na furaha hapa, wala umahiri, wala ushindani usiomwaga damu ya mtu.

Kwa hiyo nawaomba wenye mabaa, na vijana wenye simu zinazopiga picha, na walimu wanaowatafutia wanafunzi wao kazi ya kuandika: nunueni daftari moja, liwekeni karibu na meza, andikeni jina la mshindi, jina la mshindwa, tarehe na hesabu, kisha wakalisheni wazee wawili pamoja, si mmoja mmoja, muwaulize habari za michezo yao mkiandika kila anachosema huyu na kila anachopinga yule. Msijaribu kuwapatanisha. Na watie sahihi wote wawili chini ya ukurasa, na mashahidi waliobaki watie zao.